Kishikwambi cha Kalamu: Je, Kiko Tayari kwa Mwananchi wa Kawaida?

Katika makala haya nakusudia kujibu swali moja tu. Je, tarakilishi za kibao zinazoandikiwa kwa kalamu zimefikia kiwango cha kununuliwa na kutumiwa na mwananchi wa kawaida, au bado ni vyombo vya wataalamu na wenye pesa?

Swali hili halikutoka hewani. Muhula uliopita, chama chetu kilipokuwa kikijadili matumizi ya akiba yetu, baadhi ya wenzetu walipendekeza tununue kishikwambi kimoja chenye kalamu, ili kitumiwe kuandika na kuchora kurasa za jarida. Wengine wakasema hapana, pesa hizo ziende kwa kamusi, maana kamusi tulizo nazo ni chache na zimechanika. Maneno yakawa mengi, kila upande ukashikilia lake. Mimi nikaonelea ni heri kwanza tujue chombo chenyewe ni nini, kimetoka wapi na kinaweza nini. Kuuliza si ujinga.

Maana, na mizani ya kupimia

Kishikwambi ni tarakilishi bapa yenye kioo upande mmoja, isiyohitaji kibodi ili ifanye kazi. Vingi tunavyoviona hutumiwa kwa kidole. Kishikwambi cha kalamu ni kile kilichoundwa ili kitambue ncha ya kalamu maalumu, kikajua imegusa wapi na aghalabu imekandamizwa kwa nguvu kiasi gani.

Ili tusibishane bure, nimeweka mizani minne. Kwanza, je, chombo kinausoma mwandiko wa mtu? Pili, je, mkono unaridhika, yaani uzito wake unabebeka na wino hauchelewi kutokea? Tatu, je, bei na chaji yake vinaelekeana na mfuko wa mtu wa kawaida? Nne, je, kuna kazi ambayo chombo hiki kinaifanya vizuri kuliko simu, kibodi au daftari? Chombo kikishindwa katika mmoja tu kati ya hii minne, watu hukiacha. Historia inatuonyesha hivyo.

Kalamu ilikotoka

Wengi hudhani kwamba kuandika juu ya kioo ni jambo la juzi. La, hasha! Mwaka wa 1963, Ivan Sutherland, mwanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani, alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad. Mtu alichora mistari na maumbo moja kwa moja kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Mwaka uliofuata, 1964, shirika la RAND lilitoa kibao cha kuandikia kilichounganishwa na tarakilishi. Bei yake ilikuwa karibu dola 18,000. Ni wazi kuwa haikuwa bidhaa ya dukani.

Mwaka wa 1972, Alan Kay aliandika kuhusu chombo alichokiita Dynabook, tarakilishi ya kubebwa mkononi kama kitabu, na ambayo hata watoto wangeitumia kujifunzia. Wakati huo hakuna aliyeweza kukiunda, lakini wazo lilikuwa limekwisha kupandwa.

Mbegu ilianza kuota mwaka wa 1989, ilipouzwa GRiDPad. Aliyeibuni ni Jeff Hawkins. Ilikuwa na uzito wa kilo 2 hivi, na wanunuzi wake hasa walikuwa mashirika, kwa ajili ya wafanyakazi wanaojaza fomu wakiwa wamesimama. Vivyo hivyo, mwaka wa 1991 kampuni ya UPS iliwapa madereva wake vifaa ambavyo mpokeaji wa mzigo alitia sahihi juu yake. Kumbukeni jambo hili, maana nitalirudia: kwa kazi maalumu, kalamu ilikuwa tayari tangu zamani. Aliyekuwa bado ni mtu wa kawaida, yule wa kununua kwa hiari yake na pesa zake.

Mwaka wa 1993, kampuni ya Apple ilijaribu kumfikia mtu huyo kwa chombo kilichoitwa Newton MessagePad, bei dola 699. Ahadi yake ilikuwa tamu: andika kwa mkono wako, nacho kitageuza mwandiko kuwa herufi za chapa. Kumbe matoleo ya kwanza yalisoma vibaya mno. Mtu aliandika hili, chombo kikasoma lile. Magazeti yakacheka, na vibonzo vya Doonesbury vikakifanyia mzaha mwaka huo huo. Kufikia mwaka wa 1996 programu yake ilikuwa imerekebishwa ikasoma vizuri zaidi, lakini wapi! Jina lilikwisha kuharibika. Mnamo Februari 1998 kikaachwa kutengenezwa. Haraka haraka haina baraka.

Tumrudie Jeff Hawkins. Baada ya GRiDPad, yeye alikuja na fikra nyingine. Inasimuliwa kwamba kabla ya kuunda chombo chake kipya alichonga kipande cha mbao, akakitia mfukoni na kutembea nacho, akijifanya anakiandikia, ili ajue ukubwa gani unamfaa mtu. Matokeo yake yakawa Pilot ya kampuni ya Palm, mwaka wa 1996, bei dola 299, iliyotumia betri mbili ndogo zilizodumu kwa majuma kadhaa. Haikujaribu kusoma kila mwandiko. Badala yake, mtu alijifunza alama rahisi, takriban kila herufi kwa mchoro mmoja. A, kwa mfano, iliandikwa kama V iliyopinduliwa, bila kile kimstari cha katikati. Watu walijifunza kwa siku chache, na chombo kikauzwa sana. Kwa nini? Kwa sababu kiliahidi kidogo, na kile kidogo kikatimizwa.

Miaka mitano baadaye ikaja ahadi kubwa kuliko zote. Mwezi wa Novemba 2001, Bill Gates wa Microsoft alitabiri kwamba katika muda wa miaka mitano tarakilishi za kibao ndizo zitakazonunuliwa zaidi Marekani. Mwaka wa 2002 zikatoka madukani, zikiwa na kalamu na programu ya Windows iliyoongezewa uwezo wa kusoma mwandiko. Mwaka wa 2006 ukafika, utabiri usitimie. Nyingi zilikaribia au kupita dola 2,000, zilikuwa na uzito wa kilo moja na nusu hivi, na nyingi hazikusikia kidole kabisa. Kalamu ikipotea, una ubao wa kukatia vitunguu! Isitoshe, programu zenyewe zilikuwa zile zile za kibodi na kipanya. Vitufe vyake vilikuwa vidogo, na mtu alilazimika kuvilenga kwa ncha ya kalamu kama anayetunga uzi kwenye sindano.

Ndipo mwaka wa 2010 ikaja iPad, bei dola 499, bila kalamu yoyote. Zikauzwa milioni 3 katika siku 80. Wengi wakasema, basi, kalamu imekufa. Hata Steve Jobs wa Apple alikuwa ameidharau kalamu hadharani mwaka wa 2007, alipokuwa akizindua simu ya kampuni hiyo. Lakini mwaka wa 2011 Samsung ya Korea Kusini ikauza simu pana, Galaxy Note, iliyochomekwa kalamu ndani yake, na watu wakaipenda. Mwaka wa 2013 Microsoft ikaja na Surface Pro, nayo ina kalamu. Hatimaye mwaka wa 2015 Apple yenyewe ikatoa Apple Pencil kwa dola 99. Iliyotupwa mlangoni ikarudi kupitia dirishani.

Ni nini kilichobadilika?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Wanaoamini kwamba kalamu ilirudi kwa sababu tu mashine ziliongezeka nguvu wameona nusu ya ukweli. Ukweli mzima ni huu: katika vyombo vya zamani kalamu ililazimishwa kufanya kila kitu. Ifungue programu, ibonyeze vitufe, isogeze kurasa, iandike barua nzima. Ikawa imebebeshwa kazi ya kibodi na ya kipanya pamoja na yake. Kidole kilipopewa kazi ya kufungua na kusogeza, na kibodi ikaachiwa barua ndefu, kalamu ikabaki na kazi iliyozaliwa nayo: kuandika kwa mkono, kuchora, kupiga mstari, kutia sahihi. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Ni kweli pia kwamba ufundi umepanda. Kuna aina kuu tatu za vioo. Ya kwanza, iliyotumiwa na Palm, ina tabaka mbili zinazogusana zikikandamizwa, kwa hiyo hata ukucha unaandika. Ya pili husikia mabadiliko madogo ya umeme kwenye kioo kidole kinapogusa, na ndiyo iliyo katika simu zetu. Ya tatu ina nyaya nyembamba chini ya kioo zinazotoa nguvu za sumaku. Ndani ya kalamu mna koili ndogo inayozipokea nguvu hizo na kuzirudisha, hivyo kalamu haihitaji betri. Ufundi huo wa tatu umesifiwa sana kwa vibao vya kampuni ya Wacom ya Japani. Vyombo vingi vya siku hizi vimeunganisha aina mbili: kidole kinasikika na kalamu inatambuliwa mbali na kidole. Kalamu ikikaribia, kiganja kinachoegemea kioo hupuuzwa. Nayo iPad ya mwaka wa 2018 ina uzito usiofika nusu kilo.

Kuhusu kuchelewa kwa wino, mwaka wa 2019 Apple ilitangaza kwamba muda kati ya kalamu kugusa na wino kutokea umepunguzwa kutoka sehemu 20 hadi 9 kati ya 1,000 za sekunde. Hapo jicho la kawaida haliwahi kuona pengo.

Tahadhari kwa mnunuzi: kalamu nyingi za bei rahisi zinazotembezwa mitaani zina ncha ya mpira tu. Hizo ni kidole bandia. Hazipimi nguvu ya mkono wala haziwezi kukuepusha na kiganja. Usije ukanunua mbuzi kwenye gunia.

Wino ni tofauti na herufi

Sisi wana-Kiswahili tuna neno letu katika jambo hili. Mtu akiandika juu ya kioo, chombo kinaweza kufanya moja kati ya mawili. Kinaweza kuuhifadhi wino jinsi ulivyo, kama picha ya mwandiko. Au kinaweza kujaribu kuusoma na kuugeuza uwe herufi za chapa. La kwanza halijali lugha. La pili linaijali sana.

Chombo kinaposoma hakiangalii umbo peke yake. Hufuata pia mwendo wa kalamu, ilianzia wapi na ikaishia wapi. Hata hivyo miandiko yetu ni ya kutatanisha: u na n zinafanana, r na v zinafanana, na nukta ya i mara nyingi huwekwa mwisho neno likiisha. Kwa hiyo aghalabu programu huuliza orodha ya maneno inayoyajua: kati ya haya, lipi linalokaribia hili? Newton ya mwanzo iliitegemea mno orodha hiyo.

Sasa fikirini. Kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kupika kina maumbo machache tu, unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Chukueni 'pika' chetu. Viambishi vya nafsi ni sita: ni, u, a, tu, m, wa. Chukueni nyakati nne tu: na, li, ta, me. Tayari tuna maneno 24. Tieni viambishi saba vya kitu kinachopikwa: u, i, li, ya, ki, vi, zi. Hapo tunaongeza 24 mara 7, yaani 168. Jumla ni maneno 192, na bado hatujagusa ukanushi, wala 'pikia', wala 'pikwa', wala 'pikiana'. Orodha ya maneno iliyotungwa kwa mtindo wa Kiingereza itatoa wapi 'tusingalikipikia'? Lugha yetu huhitaji programu inayojua sarufi yake, au iliyofunzwa kwa maandishi yake mengi.

Na mara nyingi lugha za wanunuzi wengi ndizo zinazotangulia. Apple ilipoanzisha huduma yake ya kusoma mwandiko wa kalamu kwenye iPad mwaka wa 2020, ilianza na Kiingereza na Kichina. Kiswahili hakikuwemo. Kwa hivyo ukitaka kupima kishikwambi chochote dukani, usikubali muuzaji akuonyeshe jina lake kwa Kiingereza. Omba kalamu, uandike mwenyewe: ng'ombe, nitakuandikia, hawajatusomea, ukuukuu. Ukiona kimeziweka sawa, hongera. Kikikugeuzia 'ng'ombe' kuwa kitu kingine, basi jua kwamba umenunua wino, hukununua msomaji. Wino pekee si kitu kibaya, mradi ujue ndicho unacholipia.

Tupime sasa

Mzani wa kwanza, kusoma mwandiko: kwa lugha kubwa za biashara, chombo kimefaulu vya kutosha. Kwa Kiswahili, usilipe kabla ya kujaribu. Mzani wa pili, mkono: kimefaulu, sina ubishi.

Mzani wa tatu, bei na chaji. Hapa kuna hatua kubwa. Mwaka wa 2018 iPad ya bei ya chini, dola 329, iliwezeshwa kutumia kalamu ya dola 99. Jumla dola 428, takriban moja ya tano ya zile dola 2,000 za mwaka wa 2002. Lakini bei kushuka Marekani si sawa na bei kufika kwetu. Kalamu ile ya dola 99, ilipotoka mwaka wa 2015, ilikuwa kama shilingi 10,000 za Kenya. Duka lililo karibu na shule yetu linauza biro kwa shilingi 20. Kalamu moja basi ni sawa na biro 500! Nani kati yetu atamaliza biro 500 kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne? Tena sisi wa shule ya kutwa twabeba mikoba asubuhi na jioni, kwenye matatu na kwenye mvua, na kuna nyumba ambazo stima ikipotea hairudi hadi kesho. Daftari halichajiwi, wala hakuna mwizi wa kukuvizia kwa sababu ya daftari.

Mzani wa nne, kazi. Mchoraji anakihitaji, kwa kuwa anafuta na kupaka rangi bila kuharibu karatasi. Mwalimu wa hisabati anakihitaji, kwa sababu kuandika sehemu, vipeo na michoro ya jometri kwa kibodi ni adhabu. Mhandisi na daktari pia. Lakini mwananchi wa kawaida mahitaji yake ya kila siku ni kupiga simu, kutuma pesa, kusoma habari na kuandika ujumbe mfupi, na yote hayo kidole chake kinayamaliza. Hata katika sensa yetu ya mwaka wa 2019, ambapo makarani walizunguka nchi nzima na vishikwambi, kilichohitajika hasa kilikuwa kubonyeza majibu. Nao mtihani wetu wa KCSE bado tunauandika kwa biro juu ya karatasi, na mkono usiozoea karatasi utachoka kabla ya insha ya pili.

Hukumu

Kwa maoni yangu, basi, chombo kiko tayari. Asiyekuwa tayari ni mnunuzi wa kawaida, naye si wa kulaumiwa. Zamani kilichopungua kilikuwa ufundi. Siku hizi kinachopungua ni sababu ya kununua. Wenye kazi ya kalamu wanunue bila hofu. Wengine wasiingie deni kwa ajili ya kitu ambacho watakitumia siku tatu kisha kalamu ipotelee chini ya kochi.

Kuhusu akiba ya chama chetu, ushauri wangu ni kwamba tununue kamusi. Kamusi moja itasomwa na wanachama wote kwa zamu, na haitadai programu mpya mwakani. Michoro ya jarida iendelee kuchorwa kwa penseli na kupigwa picha. Lakini wenzetu waliopendekeza kishikwambi wasichekwe. Wameona mbali, na hoja yao itakuwa na nguvu zaidi siku ambayo vyombo hivi vitasoma 'nitakuandikia' bila kigugumizi. Siku hiyo haitajileta. Maandishi mengi na mazuri ya Kiswahili ndiyo yatakayovifunza vyombo hivyo lugha yetu, na maandishi hayo ni wajibu wetu, yawe ya biro au ya kioo.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kwa nini Pilot ya mwaka wa 1996 ilifaulu mahali ambapo Newton ya mwaka wa 1993 ilishindwa? Toa sababu tatu.
2. Eleza tofauti kati ya kuhifadhi wino na kusoma mwandiko.
3. Chagua kitenzi 'soma' au 'lima'. Hesabu maumbo yake kwa nafsi sita na nyakati nne, kisha uongeze ukanushi.
4. 'Chombo kiko tayari, mnunuzi bado.' Jadili ukirejelea mtaa unaotoka.